Jinsi Spana Alivyoikwangua Beringi na Krenki Ikakubali Kuzunguka

Enyi mlio barazani na mlio jikoni, enyi mlioshika vikombe na mlioshika watoto, tulieni! Zimeni redio, mwondoeni paka kwenye kiti changu, nisogezeeni mto mgongoni, kisha mnipe masikio yote mawili. Nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa alasiri moja nyuma ya nyumba yangu, juu ya meza ya chuma, ambapo silaha ilikuwa kisu kidogo na adui alikuwa mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.

Ila kwanza, kitendawili. Nimelala chini ya wote, gizani. Nikigeuka, wote walio juu yangu wanaruka. Hamjui? Basi nipeni mji, na uwe wenye barabara nzuri. Ni krenki! Ule mtaimbo uliopindapinda, ukaao tumboni mwa injini, unaopokea mateke ya pistoni usiku na mchana na kuyageuza kuwa mwendo wa magurudumu.

Na krenki ya habari hii haikumiminwa kwenye kalibu kama uji kwenye bakuli, la hasha! Ilifuliwa. Ilipigwa ikiwa nyekundu, ikapigwa tena, hata chuma chake kikashikamana kama ndugu waliokula njaa pamoja. Ilikuwa imetumika katika injini nyingine, ikachubuka shingoni, pale inapokalia beringi, ndipo ikapelekwa kwa msagaji wa vyuma tumwitaye Bwana Jiwe, naye akaisaga upya. Ikarudi inameta, imepungua unene kidogo tu, heshima haikupungua.

Aliyeichagua ni mjukuu wangu Spana, binti wa binti yangu, mfungua nati zilizoshinda mabavu, mwenye kucha nyeusi na moyo mweupe. Aliitaka kwa ajili ya injini ya gari la mashindano, injini iliyotakiwa kuzunguka mara elfu nane kwa dakika moja, mwendo ambao krenki ya kawaida ikiusikia tu inaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mwenye gereji ni mwanangu, mjomba wake, jemadari wa jeki na mfalme wa tairi chakavu, ambaye tumbo lake hufika mlangoni kabla yake. Naye alikuwa ametoa amri mbele ya mafundi wote. "Spana mwanangu, hii injini uifunge wewe. Ikikubali, kuanzia leo wewe ni fundi wa injini. Ikigoma, unarudi kwenye kubadilisha oili na kuziba pancha, na hiyo krenki yako naitupa kwenye vyuma chakavu. Usije ukanililia."

"Sitalia, Mjomba."

Basi akaanza. Akapanga beringi mpya, vile vipande vilivyopinda kama kucha iliyokatwa, vinene kidogo kuliko vya kawaida ili vijaze kile kilicholiwa na jiwe la msagaji. Akavipaka oili, akailaza krenki taratibu kama anayelaza mgonjwa, akafunga vifuniko vyake, akakaza bolti kwa kipimo. Kisha akaishika kichwa, akaigeuza.

Haikugeuka.

Akaishika kwa mikono miwili. Ikasogea kidogo, ikiguna, kama mzee aliyeamshwa usingizini, halafu ikakaa. Lo! Fundi umeme akaacha waya mdomoni. Fundi rangi akajifanya anatafuta msasa.

Mjomba akajongea, akaiegemea meza, akakohoa kikohozi cha hotuba. "Sikieni, enyi watu wa gereji hii! Je, sikusema? Nilisema au sikusema? Bwana Jiwe ameiacha nene! Na tena tazameni hizi kona, pale shingo inapokutana na bega la krenki. Amezikunja mviringo kama ukingo wa sahani! Irudishwe leo hii, azikate ziwe kali kama kona za sanduku, na shingo azisage tena!"

Spana akainuka na maikromita yake, chombo cha kupimia unene, mkononi, akaiinua kama bendera. "Mjomba, kwa heshima zote, shingo nimezipima, kila moja, mara ya kwanza na mara ya pili. Ziko sawa. Na hizo kona haziguswi! Kona kali ndipo ufa unapoanzia. Kwa elfu nane itakatika, na ikikatika itatokea ubavuni mwa injini na kutusalimia wote. Huo mviringo ndio uhai wake."

"Kama shingo ziko sawa, mbona haizunguki?"

Hapo shujaa wetu akaishusha maikromita. Nilikuwa kibarazani nakunja nguo, na moyo wangu ukawa unakunjwa pamoja nazo.

"Nakupa mpaka nimalize chai," akanena jemadari. Na mwanangu, nimjuavyo mimi niliyemzaa, hunywa chai kwa haraka.

Spana akasimama akiitazama krenki. Akatafuta kopo la rangi ya buluu, ile mafundi wanayopaka kuona chuma kinagusana wapi na chuma. Rangi ilikuwa imekauka kama tope la kiangazi. Akageuka. Macho yake yakaruka uwanja, yakapanda kibaraza, yakatua kwenye sufuria yangu ya maji, nyeusi tii.

"Bibi! Naomba masizi!"

"Masizi ya nini, mjukuu wangu? Unajipamba?"

"Bibi, nitakueleza! Chai inakwisha!"

Nikaikwangua sufuria ile kwa kijiko, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Spana akaifungua krenki, akachanganya masizi na tone la oili, akaipaka kuanzia shingo mpaka kwenye kona. Akailaza tena, akafunga, akaisukuma kwa nguvu ikajongea kidogo, akafungua. Kisha akainama mpaka pua ikakaribia chuma.

"Nimekupata, mwizi!" akapiga kelele.

Katikati ya beringi palikuwa safi. Weusi ulikuwa umeshika pembeni tu, ukingoni kabisa, mstari mwembamba kama wanja. Ukingo wa beringi ulikuwa umepanda juu ya ule mviringo wa kona. Bwana Jiwe hakukosea. Shingo haikukosea. Beringi ndiyo ilikuwa na mabega mapana, inang'ang'ania mlangoni.

Ndipo ulipoanza Mkwanguo Mkuu. Akashika kisu chake kidogo, akakwangua ukingo wa beringi, unga wa chuma ukianguka kama poda. Akakwangua, akajaribisha, akakwangua tena, ulimi nje kama alivyokuwa akiandika herufi utotoni. Akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka sizi la mwisho likatoka. Akapaka oili, akafunga, akakaza kwa kipimo kilekile.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Haya."

Spana akanyoosha mkono, akakunja vidole vyote, akaacha kimoja, kile kidogo cha mwisho. Akaisukuma krenki.

Ikazunguka! Ikazunguka bila sauti, ikapita pale ilipokuwa imegomea, ikaendelea kidogo peke yake kana kwamba imeona njia. Fundi umeme akapiga mluzi. Mimi nikapiga kigelegele mpaka nguo zikaniponyoka.

Mjomba akasogea mezani. Akaisukuma kwa kidole chake kinene. Ikazunguka. Akainama akachungulia zile kona za mviringo, akazipapasa. Kisha akajikuna shingo.

"Spana."

"Naam, Mjomba."

"Ukiimaliza hii, kuna ile injini ya teksi pale ukutani. Ifungue wewe. Mimi sitaigusa."

Injini ile ilipowashwa, ikapanda hadi elfu nane, ikaimba, ikashuka salama. Lakini gerejini kwetu hilo halihesabiwi kuwa tukio. Mtu akiuliza lori fulani lililetwa lini, au fundi rangi alioa lini, hujibiwa kwa unyenyekevu unaostahili: "Hiyo ilikuwa kabla ya Mkwanguo," au, "Hiyo ilikuwa baada."