Kimya Changu Si Jibu, Shangazi

Kibokoni, Mji wa Kale

Kwa Shangazi Mwanaesha, msimamizi wa posa zote za ukoo wetu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu.

Naandika kwa heshima kulalamika. Ijumaa, mbele ya mama na wageni wa kutoka Bondeni, uliniuliza kama namridhia Faiz, fundi wa mafriji. Nikanyamaza. Ukasema, "Mwanamwali kanyamaa, karidhia," na kabla kahawa haijapoa halua ikaagizwa. Sikuridhia, Shangazi. Nilikuwa nikipiga hesabu za tasnifu yangu kichwani. Inahusu njia mbalimbali za kuunda kompyuta ya kwantamu, mashine ambayo kabla ya kuulizwa hubeba ndiyo na la kwa pamoja. Naomba posa isitishwe, kwa sababu hizi:

1. Njia iliyozoeleka ni ya malango: hesabu hupita lango moja, kisha jingine, hadi jibu. Mimi sikupitishwa lango lolote. Nilipitishiwa sinia ya sambusa.

2. Ipo njia ya polepole. Unaanza na swali jepesi, unaligeuza kidogo kidogo mpaka liwe gumu. Ukiharakisha, jibu huharibika. Ungeanza kwa kuniuliza kama napenda friji.

3. Ipo njia ya kupima. Vipande vyote vya mashine hufungamanishwa kwanza, kisha huulizwa kimoja kimoja, na kila jibu huamua swali linalofuata. Wewe uliuliza moja ukafunga mkoba.

4. Ipo ya kusuka, chembe zikizungushwa kama nywele za msusi. Jibu hukaa katika nani kamzunguka nani, wala kelele za nje haziliharibu. Faiz ameizunguka nyumba yetu mwezi mzima akidai friji ya jirani haigandishi. Hili bado nalichunguza.

5. Wataalamu wamethibitisha kuwa njia zote nne zina uwezo sawa. Hakuna aliyependekeza ya kimya. Tukiikubali hiyo, kabati la mama limeridhia kuolewa tangu siku liliposhushwa kwenye mkokoteni.

Basi jibu lirudishwe, nami nisiulizwe tena mpaka tasnifu iishe.

Nisalimie Ami Zakariya, Zakiya na wanawe, na yule mama wa dirisha la juu aliyepiga vigelegele kabla hujamaliza swali.

Mtiifu wako katika mengine yote,
Nabiha

Nyongeza: Faiz ameleta swali kupitia kwa mama. Anataka kujua mashine yangu inahitaji baridi kiasi gani, na kama ile ya kusuka ingevumilia joto zaidi kuliko zile nyingine. Hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuniuliza hivyo. Mama, ambaye bado yuko mlangoni, ameniuliza kama ningali nakataa. Nimenyamaza, na safari hii sikuwa napiga hesabu yoyote.