Bati Kumi na Nane

Jumapili, 4 Oktoba 1953

Nimechoka, na mwezi ndio kwanza umeanza.

Tumerudi kanisani na Paskazia njia nzima kimya. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na kitu, na akinyamaza huwa ana jambo. Tulipofika nyumbani alinionyesha paa. Nyasi zimeoza, jua linaingia vipande vipande. Mvua ya mwaka jana ililala nasi kitandani. Amesema hawezi kuzaa chini ya chujio. Mvua ikianza kabla hatujaezeka, atapanda lori kwenda kwa mama yake Kagongwa, azalie huko. Nilimwuliza atarudi lini. Akasema mtoto akishatembea.

Mtoto wangu wa kwanza apewe jina na wakwe! Haiwezekani. Paskazia akasema mbona jambo ni dogo, tuwaombe vijana wa kijiji watukatie nyasi mpya. Nilimweleza kwamba mtu wa darasa la sita haezeki nyasi. Anaezeka bati. Jirani yetu Bujiku hajui hata kuandika jina lake, na ana bati tangu auze pamba mwezi wa saba. Kila asubuhi linanimulika machoni. Naamini analifuta.

Bati moja ni shilingi tisa. Kwa kukadiria, nyumba yetu itakula kumi na nane: shilingi 162. Kwenye kopo la siagi tuna 94. Mshahara wangu wa kupima pamba ghalani ni 60. Tukikaa mwezi mzima bila kula, tutapungukiwa nane tu. Kuanzia kesho matumizi yote nayashika mwenyewe.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimeanza na kiberiti. Kijiti kimoja kina unene wa kutosha watu wawili. Nilikaa na wembe jioni nzima nikipasua vijiti arobaini ili nipate themanini. Nimepata ishirini na tisa vyenye vichwa, na kidole gumba kimoja chenye kitambaa. Paskazia alitazama, akaenda kulala.

Lakini akili haikosi njia. Moto wa jirani ni bure! Bibi yake Bujiku, Bibi Zipora, jiko lake halizimi. Nilikwenda na kigae, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitilia makaa matatu mekundu, na juu yake akaniongezea kiazi. Nitakwenda kila jioni.

Alhamisi, 8 Oktoba

Leo nimehamishia chakula ndani. Desturi ya hapa mwanamume hula nje, na apitaye hukaribishwa. Desturi nzuri sana kwa wapitaji. Nimepiga hesabu: wageni wanatugharimu shilingi sita kwa mwezi, bila mboga.

Basi tumefunga mlango, tukala gizani, ugali na dagaa. Mwiba ukanikwama kooni. Nilikohoa mpaka machozi. Bujiku akasikia, akaja mbio, akasukuma mlango, akanipiga mgongoni kwa kiganja kile cha jembe mpaka mwiba ukatoka. Baada ya hapo ilibidi akaribishwe. Alikula kama mtu aliyeokoa maisha.

Jumatatu, 12 Oktoba

Bibi Zipora amefariki alfajiri. Usingizini, bila kumsumbua mtu. Paskazia amelia. Mimi pia nilisikitika, kisha nikasikitika zaidi nilipokumbuka rambirambi. Kila nyumba hutoa kibaba cha unga na shilingi moja, na kila mwanamume hushika jembe kaburini. Nikikosa kazi siku moja, ghala linanikata shilingi mbili. Jumla shilingi tatu na unga! Theluthi ya bati.

Nimetuma salamu kwamba nina homa. Ghalani nitaomba ruhusa ya nusu siku tu, isiyokatwa, ili homa iaminike. Paskazia amesema yeye atakwenda, na unga atabeba, na kama nina homa basi ninywe mwarobaini. Amenichemshia sufuria nzima, akasimama mpaka nikamaliza.

Jumanne, 13 Oktoba

Siku mbaya. Naandika nimelala kifudifudi.

Watu wote walikwenda makaburini kanisani. Kijiji kimya. Nikaona ngazi ya Bujiku imeegemea ukuta wake, haina kazi. Fundi anataka shilingi nzima kupima paa! Nilichukua ngazi, nikachukua kamba, nikapanda. Nilijua watarudi kwa barabara kubwa, maana ndiyo njia ya mazishi siku zote. Sikujua kwamba kwa sababu ya jua kali wangekata kwa nyuma ya nyumba yangu.

Nilisikia wimbo wa kanisa ukikatika katikati. Nikageuka. Chini walikuwa wamesimama watu kama mia, wanaume na majembe yao mabegani, wote wananitazama. Maige alikuwa mbele. Huyu ni nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, mtu asiyepaza sauti. Aliuliza kwa upole homa inaendeleaje. Nilijibu kwamba huku juu kuna upepo. Hapo nyasi zikaachia, mguu wangu wa kulia ukaingia ndani mpaka kwenye paja.

Paskazia alikuwa katikati ya wanawake. Alijifunika kanga usoni.

Tena nimegundua bati zinazohitajika ni ishirini na mbili.

Jumatano, 14 Oktoba

Maige amekuja na vijana sita. Wamekaa, wamekunywa maji, wakanisomea kosa langu: kukimbia msiba. Faini ya kijiji, mchenya, ni mbuzi mmoja mnono. Mbuzi mnono ni shilingi kumi na sita! Nilisema sheria ya faini hiyo haijaandikwa popote. Maige akasema ni kweli haijaandikwa, ila baba yangu aliijua vizuri. Ni kweli. Marehemu baba yangu alikuwa nsumba ntale kwetu, na mimi nimekua kwa mbuzi wa watu. Lakini hao walikuwa mbuzi wa watu!

Nilikataa. Wakashukuru kwa maji, wakaondoka. Kuanzia leo hakuna wa kunisalimu, wala kunipa moto, wala kunisaidia jambo, mpaka nilipe.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mbona sikufikiria haya mapema! Hakuna mgeni. Hakuna wa kuomba chumvi. Nimekula nje, mchana kweupe, watu wanapita wametazama pembeni. Shilingi sita kwa mwezi nimeokoa bila jasho. Nilimweleza Paskazia kwamba kutengwa ni njia bora ya kuweka akiba. Aliniuliza kama akiba hiyo itamshika mkono siku ya uchungu. Mwanamke mjamzito huona kila kitu vibaya.

Jumamosi, 17 Oktoba

Vijiti vya kiberiti vimekwisha. Vya mwisho kumi vilizimika kimoja baada ya kingine, kwa sababu ya wembamba. Nilikwenda dukani. Mwenye duka alikuwa anahesabu misumari, hakuacha kuhesabu. Nilisema kiberiti. Akahesabu. Nilisema nina senti taslimu. Akaanza upya kutoka moja.

Moto hatuna. Tumetafuna michembe mikavu, bila kuipika. Viazi vilivyokaushwa juani mwezi wa sita si chakula cha meno ya mtu. Nilimkumbuka Bibi Zipora na makaa yake matatu. Sikupenda nilivyojisikia.

Jumatatu, 19 Oktoba

Ghalani wapagazi wamegoma kwangu tu. Kwa karani mwenzangu wananyanyua marobota kwa nyimbo, kwangu wanakaa. Nimepandisha mizani mizigo kumi na miwili mwenyewe. Mgongo umekwisha. Jioni Maige alipita akasema, akiwa ameutazama mti, kwamba kwa ukaidi wa juma moja mbuzi amekua. Sasa ni dume la ng'ombe.

Nimesema hawatanipata. Nimeusemea mti huo huo.

Jumanne, 20 Oktoba

Leo sina mzaha.

Nilirudi mapema kwa sababu ya mgongo, nikapita kisimani. Wanawake walikuwa wamejaza madebe yao, wanatwishana, wanaondoka. Paskazia alibaki peke yake. Debe limejaa, na hakuna wa kumtwisha. Aliinama, tumbo likamzuia. Akapiga magoti, akajaribu kuliinua toka chini, maji yakammwagikia. Akamwaga nusu. Akajaribu tena. Akamwaga tena. Mwishoni alijitwika robo debe akaanza kutembea, kanga imelowa, polepole. Klara, mke wa Bujiku, alikuwa amesimama mbele njiani. Alikuwa analia, lakini hakurudi, maana angerudi naye angetozwa.

Nilimpokea debe. Mwanamume na debe la maji kichwani, kijiji kizima kikiona! Sikujali. Niliona haya mpaka mifupani, si kwa ajili ya debe. Nilimwambia mke wangu pole. Akasema Jumamosi lori la Kagongwa linapita saa mbili, na kwamba amechoka. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kujibu.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimenunua dume mnadani Tinde. Shilingi sabini na tano. Nimebishana mpaka sauti ikaisha, nikapunguziwa shilingi moja, ambayo nimeilipa kwa kamba. Njiani ng'ombe alikaa chini mara tatu. Nilikaa naye.

Kopo la siagi: kumi na tisa.

Alhamisi, 22 Oktoba

Dume limechinjwa. Nilimwomba Maige walau ngozi niiuze. Akasema ngozi ni ya vijana. Niliomba pembe. Akacheka.

Kisha likatokea jambo. Nyama ilipoiva, Maige alisimama, akasema kosa limeliwa, limekwisha, na yeyote atakayelitaja tena atatozwa yeye. Watu wakaanza kunisalimu kama niliyetoka safari. Mwangaluka, Stanslaus! Habari za siku nyingi! Mwenye duka alinipa kiberiti kizima. Bujiku, mjukuu wa marehemu, akanikatia paja la mbele kwa mkono wake. Nilimwambia nilimkosea bibi yake. Akasema bibi angenipa moto hata hivyo. Nilikula nikilia, na nyama ilikuwa nzuri.

Jioni Klara alimtwisha Paskazia debe. Walikaa kisimani wakicheka mpaka nikaingiwa na wivu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Lori la Kagongwa limepita saa mbili. Paskazia hakutoka nje kulitazama. Alikuwa anapika uji, maana alfajiri Maige amekuja na watu arobaini, nyasi na kamba. Hakuna aliyewaita. Paskazia anasema hakuwaita. Bujiku alileta ngazi yake, akanishikia kwa chini, akaniuliza kama nina homa. Kufika adhuhuri nyumba imeezekwa, nyasi nene, sawasawa, haupiti hata mwanga wa sindano. Gharama: uji.

Paskazia aliuliza ni nani aliyesema jambo hili ni dogo tangu mwanzo. Nilikuwa na shughuli.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua ya kwanza! Ilianza alasiri kwa kishindo, na uchungu wa Paskazia ukaanza nayo. Klara amekuja na wanawake wanne, wakanifukuza nje. Nilikaa chini ya bati la Bujiku. Kelele za mvua kwenye bati ni kama kupigwa debe sikioni. Sikuweza kusikia nyumbani kwangu kuna nini. Nilikimbia nikasimama kwenye mvua ukutani kwetu, na hapo nikasikia vizuri. Kilio kidogo, kikali.

Mtoto wa kiume. Ndani pakavu, hakuna tone. Nimemwita Mabula, kwa ajili ya mvua. Mimi baba yake, si wakwe. Paskazia alinishika mkono. Sijawahi kufurahi namna hii, na sijui niandikeje.

Jumanne, 17 Novemba

Wageni tangu asubuhi. Wameleta kuku watatu, unga vibaba tisa, sukari ratili mbili, karanga, na Maige ameleta mbeleko iliyoshonwa kwa ngozi. Naijua ngozi hiyo. Kwa makadirio yangu ni shilingi ishirini na tatu na nusu, na sikutoa senti. Nikijumlisha na zile kumi na tisa za kwenye kopo, maana mshahara tumeula, nimefika bati nne na ushee. Kumbe watu ni faida, ukijua kuwatumia!

Kesho kijiji kizima kinakwenda kulima shamba la Bujiku. Zamu yake. Nimefikiri. Jembe huisha makali, na ghala watanikata shilingi mbili. Nimemwambia Klara awapelekee salamu kwamba nina homa. Paskazia aliinua macho kutoka kwa mtoto, akaweka sufuria ya mwarobaini jikoni.

Hana haja ya kuhofu. Kosa la mwezi uliopita nimelichunguza na nimelijua. Safari hii sipandi paa.