Kabali ya Shomari Bama

Habari iliyochangamsha kahawa ya Mwinjuma pale Kisarawe, mwaka ule wa 1946, ilikuwa ya Shomari: juzi gulioni alimlaza mwizi wa kuku kwa kabali, bila ngumi wala fimbo. Tangu arudi kutoka vita vya Burma walimwita Bama. Mwinjuma mwenyewe walimwita Simu kwa kueneza habari, na asubuhi ile, kinywani mwake, mwizi yule mmoja alikwishakuwa wezi watatu, mmoja ana panga.

Shomari hakuwa na hamu na sifa. Alitaka kumwoa Mwanaamina, na mwaka mzima baba wa binti, Mzee Kibwana, akiulizwa kuhusu posa alijibu jambo moja: bado anafikiria. Kijiwe kikampa jina, Mzee Bado, wakilitaja akiwa hayupo.

"Uongo wa vitani tu huo," alisema Mzee Kibwana, aliyeketi benchini karibu na Shomari. "Shingo hii imebeba magunia ya mihogo kutoka Msimbu. Hebu nikabe."

Shomari alikwama. Kumkaba mkwe ni kukosa adabu, na kumkatalia mkwe ni kukosa adabu vilevile.

"Basi ukizidiwa, mzee wangu, piga benchi mara mbili. Nitakuachia."

Akamzungushia mkono kwa heshima zote.

"Huko Bama mlikuwa mnabembelezana?" aliuliza mzee, na benchi zima likacheka.

Shomari akakaza kidogo. Mzee hakupiga benchi. Mwenye shingo ya magunia atapigaje benchi? Kofia ilianguka, kichwa kikafuata, mzee akalegea mikononi mwake. Shomari alimlaza haraka. Hata vitani hakuogopa hivyo. Mwanaamina ndiyo basi tena.

Mara mzee akafumbua macho.

"Mnanitumbulia macho ya nini?"

"Umezimia, mzee," alisema Saburi, mkulima wa Msimbu asiyejua kuficha neno.

"Nani kazimia? Nilikuwa nafikiria."

Mwinjuma akaweka birika chini taratibu.

"Ulikuwa unafikiria nini, mzee?"

"Si ile posa ya huyu, nini kingine?"

"Kwa kufikiria kule, hadi kofia ikaanguka, lazima umemaliza," alisema Mwinjuma. "Au kweli ulizimia?"

Mzee Kibwana alimtazama Shomari, akatazama kofia yake mavumbini, akawatazama watu waliojaa benchi. Hakuna aliyemsaidia.

"Wazee wako waje Ijumaa," alisema, na mkono wake ukapiga benchi mara mbili.