Maiti wa Hakimu na Mgeni kutoka Los Angeles

Jumatatu, 4 Machi
Nimeinyaka habari mlangoni mwa ofisi, peke yangu! Ijumaa anakuja wakala kutoka Los Angeles kusaka sura ya sinema. Sura ninayo. Tatizo ni mahali inapolala. Katika mchezo wetu wa jukwaani mimi ni maiti wa hakimu aliyeuawa: pazia likifunguka, niko zuliani. Mpelelezi, anayesema maneno yote, ni Curtis Vandermeer, kijana wa meno mengi na akili haba. Mimi pia ni mwigizaji wake wa akiba. Akikosa, napanda mimi. Miezi mitano hajapata hata mafua! Ubinafsi gani huu?

Jumanne, 5 Machi
Kwetu waigizaji, kumtakia mwenzio bahati njema ni kumroga. Mstaarabu husema uvunjike mguu. Basi nikamtakia Curtis bahati njema kwa moyo wangu wote, nikampigia na mluzi chumbani mwake, nao ni mkosi mwingine. Dolores Pinkney, msimamizi wa jukwaa, mwenye sauti ya king'ora, akauliza kama nimerukwa na akili, mzee mzima. Akanitoa nje, barabarani, nijizungushe na kutema mate kuondoa mkosi, ndipo nirudi. Mvua! Curtis akashangiliwa, watu wamesimama. Hawa wangesimama hata kwa kengele ya moto.

Jumatano, 6 Machi
Mpwa wangu Trudy, ambaye nalala kwenye kochi lake huko Queens, kauliza eti Anko, maneno ya mpelelezi umeyashika kweli, au unategemea sura? Nilicheka. Mtu aliyemliza farasi kule Omaha, mpaka mwenye farasi akaleta taulo, ataulizwa maneno? Chuo cha uigizaji nilikaa muhula mmoja tu, wakaishiwa ya kunifundisha.
Mpango umeiva. Kanuni yetu: asiyefika nusu saa kabla ya pazia, anapanda wa akiba, hata angekuwa nani. Nimempigia Curtis simu kwa sauti ya pua, nikajifanya mtu wa tangazo la supu. Ijumaa alasiri aende New Jersey, ng'ambo ya mto, kujaribiwa. Akanishukuru! Foleni ya darajani itamaliza kazi.

Ijumaa, 8 Machi
Imekwenda! Nusu saa ikafika, Curtis hayupo. Dolores akanitazama kama kiporo, akasema haya mzee, vaa suti. Haikufunga. Nikaiacha wazi, kwa mtindo.
Punde Curtis akaingia amelowa chapachapa, akiilaani ofisi ya supu, ambayo aliikuta ni duka la matairi. Nikamkumbusha kwa upole kwamba kanuni ni kanuni. Dolores akauliza, na maiti je? Curtis, bila hata haya, akasema atalala yeye. Nilijishika mbavu. Alale!
Nikaingia kwa kishindo. Maneno yakagoma. Si kwamba sikuyajua, yaliniogopa. Nikabuni. Nikawasimulia washukiwa habari za yule farasi. Dolores akawa ananinong'onezea nyuma ya pazia, mpaka watu wa viti vya mwisho wakamwambia aongeze sauti. Nikirudi nyuma kwa madaha, nikamkanyaga Curtis mkono. Hakutikisika. Hata kope! Mjuaji.

Jumamosi, 9 Machi
Wakala amempa mkataba maiti.
Dolores ndiye aliyeniletea habari, tena anatafuna keki. Eti mgeni hajawahi kuona mtu akikanyagwa vile akaendelea kuwa mfu. Jukwaa zima, huyo tu ndiye aliyejua kazi yake. Kuhusu mimi aliuliza kama ni mtazamaji aliyekuwa akitafuta choo.
Curtis anahamia California, filamu ya hospitali. Akanikumbatia, akasema Anko Leland, bila wewe nisingelala pale. Kiburi kitupu.

Jumapili, 10 Machi
Nafasi ya mpelelezi wamempa Wendell fulani wa Ohio, mrefu kama ngazi. Mimi nirudi zuliani. Trudy akasema labda Anko nijifunze kutulia. Mtoto wa watu hajui sanaa.
Nimekwishaona kosa liko wapi. Jumanne hakimu wangu atakufa upya: kikohozi kidogo, jicho moja wazi, kisha hotuba fupi ya kuaga. Huyo wa Ohio ajipange. Maiti asiyesema kitu, nani atamwajiri?