Fundi Aliyeunganisha Karavani

Jumatatu, 3 Machi
Karavani imefika! Nyumba ya magurudumu, kitanda kimoja, madirisha mawili, kutu kidogo. Tumeiegesha bustanini, nyuma ya jiko. Mama mkwe ameuza nyumba yake na anachagua pa kuishi: kwetu, au kwa mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu. Mke wangu amenunua mashuka mapya na anaimba tangu asubuhi. Ana hamu ya kukaa na mama yake mpaka namwonea huruma. Lazima ashinde. Yaani, lazima nishinde.

Mwanyumba kapiga simu. Kauliza nani anaunganisha umeme wa karavani. Kataka kunitumia fundi wake. Nikasema nina wangu, tena mzoefu. Sina.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu alipoenda kazini, nikafanya mwenyewe. Ni waya tu! Nimepitisha ekstensheni, waya mrefu wa soketi, kwenye dirisha la jikoni hadi karavani. Iliyobaki nimeiacha imezungushwa kwenye gurudumu lake, isitambae ovyo, nikaifunika kwa beseni. Unadhifu ni nusu ya kazi. Taa za bustani nilikuwa nazo: zile za sebuleni. Viungo vya waya nimevifunga kwa mifuko ya nailoni, mvua isiingie. Nilipowasha, cheche. Nikaruka nyuma. Lakini cheche moja si neno.

Mke wangu akauliza kama fundi alikuja. Alikuja, akaenda zake. Mtu wa namna gani? Mpole, nikasema, hapendi makuu. Akasikitika kwamba ameondoka bila kula. Kamwekea chakula kwenye friji. Nimekila kwa siri, nikaosha sahani.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua! Breka ya nyumba, ile swichi kuu ya umeme, imejikata. Nikairudisha. Ikajikata tena. Nikairudisha kwa dua. Mke wangu akasema mwite fundi wako. Ikabidi nimpigie, nikiwa kibarazani ili mke wangu asikie, simu imezimwa. Tumebishana vikali! Yule mtu kaidi sana. Nilikasirika kweli kweli. Mwisho tukaelewana kwamba mvua ikikatika breka itatulia. Ikakatika, ikatulia.

Nimejaribu hita ya karavani. Inawaka vizuri. Paka amelala juu ya beseni, anakoroma. Hajawahi kupenda kitu changu chochote. Nimefarijika kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbaya!

Mama mkwe aliletwa na mwanyumba, ambaye viatu vyake vinang'aa kuliko taa zangu. Nikawasha. Bustani nzima ikapendeza. Mama mkwe akapiga makofi, akasema fundi huyo ana akili. Nikaona wivu. Mama mkwe akaingia karavani kupumzika, akawasha hita. Kisha akawasha na birika la chai.

Paka akaruka kutoka kwenye beseni. Harufu. Moshi! Waya uliozungushwa chini ya beseni ulipata moto, nalo likaanza kulegea na kuyeyuka. Mke wangu akakimbia jikoni, akachomoa waya. Mimi nilisimama palepale nikiwaambia watu watulie. Mama mkwe akatoka mzima, kikombe mkononi.

Mwanyumba akadai namba ya fundi ili amshitaki. Akatoa simu yake tayari kuandika. Nikasema amefariki. Lini? Jana. Kwa nini? Ghafla.

Mama mkwe akaketi kwenye nyasi. Maskini, akasema, kumbe alikuwa anafanya kazi na ugonjwa wake! Akataka twende wote kuwapa pole wafiwa. Nikasema wamesafirisha mwili. Maji yamenifika shingoni.

Jumamosi, 8 Machi
Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia mlangoni pa chumba chetu. Mke wangu alinitazama tu, nikamwaga yote. Hakupiga kelele. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikasubiri mshindo. Akauliza kwa sauti ya chini: kama Mama angeungua, ningemwambia yeye nini? Alikuwa ameshika shuka moja jipya, linanuka moshi. Sijawahi kuona aibu namna ile.

Fundi wa mwanyumba amekuja. Amechimba mtaro, amelaza waya ndani ya bomba, ameiwekea karavani breka yake inayokata umeme yenyewe kukiwa na hitilafu. Taa za bustani ameleta za nje, za nguvu ndogo. Akauliza kwa dharau nani aliyefanya ile kazi ya kwanza. Mama mkwe akamkanya: marehemu hasemwi vibaya. Fundi akavua kofia. Na mimi nikainamisha kichwa. Ningefanyaje?

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe ameamua. Anakaa kwetu! Kasema hawezi kumwacha mkwe aliyefiwa na rafiki. Mwanyumba kaondoka amenuna. Mke wangu alifungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga, akamkumbatia mpaka machozi yakamtoka. Baadaye akanivuta jikoni, akaniapisha nisiguse waya tena maishani. Nimeapa, tena kwa moyo wote. Waya tu, basi.

Jioni Mama mkwe akasema angependa bafu dogo ndani ya karavani. Akauliza kama namjua fundi bomba mwaminifu. Nikasema marehemu ameacha mdogo wake. Anakuja kesho, mke wangu akishaenda kazini.