Sele alihesabu vidole, mimi nikaumbuka

Leo nimeadhirika. Saa saba mchana nimesimama dirishani kwa mama yangu, Magomeni, natangaza kwa sauti kwamba nilikojoa kitandani mpaka darasa la nne. Majirani wanasikiliza. Na kazi yangu ni kuuza magodoro Kariakoo.

Mwenye kesi ni Sele, mtengeneza matangazo wa ghorofani kwetu. Asubuhi kaja dukani na programu tatu za akili mnemba, anazijaribu aone ipi inafaa kwa kazi zake. Kachukua picha yangu, kaziagiza zote video moja: nimelala kwenye godoro, shuka jeupe, akina mama wa kanga wamenizunguka.

Ya kwanza ikanipa vidole saba. Ya pili, mguu ukaota kwenye godoro. Ya tatu Sele akahesabu. "Vitano vitano, bosi. Hii imefaulu."

Na mimi nikahesabu (niliishia la saba, lakini tano nafika). Hatukutazama kingine. Akairusha kwenye grupu la wafanyabiashara.

Muda si muda mteja kaingia, kaniona, katoka kinyumenyume. Ndipo nikaitazama vizuri. Nimelala chali. Shuka limepanda likanifunika uso, mkono tu uko nje. Akina mama wamekaa chini, wameinama. Mwaka jana nililazwa miezi minne, nikatoka mifupa mitupu. Nani asingeamini nimekufa?

Wa kwanza kutoa pole kwenye grupu ni Mwajuma, muuza mito wa mtaa wa pili. Nikampigia.

"Mwajuma, hiyo video umemtumia nani?"

"Mama yako tu. Kwani kaka Hamisi, uko wapi sasa hivi?"

Mama ana presha. Simu hapokei. Nikadandia bodaboda, nimemkumbatia dereva, najiona nimeshamuua mama kwa tangazo la godoro. Nafika, turubai la msiba linafungwa uani. Mama kajifungia kwa komeo, nikaenda dirishani.

"Mama, ni mimi Hamisi."

"Hamisi nimemwona kafunikwa. Kama ni wewe, sema jambo tunalolijua wawili."

Nikanong'ona.

"Sisikii."

Nikasema kwa sauti.

Mlango ukafunguka. Mama mzima, Alhamdulillah. Akanizaba kofi, kisha akanikumbatia. Nyuma yangu aliyeshika kamba ya turubai akauliza, "Na hayo magodoro ya dukani, huwa unayalalia kwanza?"

Sele, Mwajuma, najua mnasoma. Kesho asubuhi nawataka Magomeni mkamjibu mama, mmoja mmoja, dirishani. Na siri zenu mje nazo.