Maegemeo Mawili

Jumatatu, 3 Juni
Nimeivua turubai pikipiki yangu kubwa. Haijatoka uani tangu mama watoto afariki. Shemeji, kaka wa marehemu, anaitaka. Anasema kiuno changu kimeshastaafu. Mdomo ule! Tumekubaliana mbele ya binti yangu: Jumapili niende nayo kituo cha mafuta, nijaze, nirudi bila kusaidiwa na mtu. Nikishindwa, ni yake.

Jumanne, 4 Juni
Nimeikalia. Mgongo umelia kabla ya injini. Mimi sina tatizo, tatizo ni kiti. Mwanamama wa duka la vifaa vya pikipiki ameuliza kama nasafiri mbali. Nimesema mbali sana. Mungu anisamehe. Nimetoka na mto laini wa kiti na vibao vipana vya kukanyagia.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi amefunga kioo cha kukinga upepo, mikoba ya ngozi ubavuni na maegemeo mawili ya mgongo, langu na la abiria. Amenishauri nianze kuendesha kwanza, mapambo baadaye. Watu wengine hawana maono. Binti ameuliza la abiria ni la nani. Nimesema la mizigo. Mama yake alikuwa akikaa pale, ananigonga kofia nikizidisha mwendo. Tukifika ananyoosha mgongo na kuilaumu barabara. Mimi hakunilaumu.

Jumamosi, 8 Juni
Haipandiki! Egemeo nyuma, mikoba pembeni, nainua mguu, haupiti. Shemeji amechungulia juu ya ukuta akauliza kama mbwa amepata nguzo. Nimeleta stuli ya jikoni. Nimepanda kama mfalme.

Jumapili, 9 Juni
Nimeendesha! Raha ya kochi, upepo sina habari nao. Binti na shemeji walinifuata kwa miguu, kituo ni karibu. Kituoni mhudumu akasema nishuke kwanza, ndivyo wanavyojaza. Nishukeje? Stuli iko nyumbani. Nimebembeleza. Amekataa. Dereva wa lori nyuma yangu akapiga honi, akauliza kama babu amegandishwa na gundi. Mwishowe shemeji akanitia mikono makwapani, akaninyanyua kama mtoto anayetolewa kwenye beseni. Nimedai kwamba kushushwa si kusaidiwa. Binti ameangalia pembeni. Akasema, Baba, tulikubaliana.

Jumatatu, 10 Juni
Shemeji ameichukua. Vifaa amevikataa vyote, eti alitaka pikipiki, si sebule. Fundi amevifungua, nimevipanga kitandani, upande usiolaliwa. Binti ameniuliza taratibu kama nimejifunza kitu. Nimesema ndiyo, sana. Amefurahi, akaniwekea chai.

Ukweli ni kwamba starehe yote ninayo. Kinachopungua ni pikipiki tu. Mwanamama wa dukani anamjua mtu anayeuza moja, kubwa kuliko ile, na ndefu kwenda juu. Kesho nakwenda kuiona. Leo nimepitia dukani kuchukua vifaa vya kupumzishia viwiko.